Tochi ya TIG Ikikuunguza Mkono: Nani Anahitaji Kupoza kwa Maji?

Fundi anayechomelea kwa TIG (arki ya umeme inayotoka kwenye ncha ya tungsteni, ikikingwa na gesi ya argoni), awe Gerezani, Vingunguti au kwenye kibanda chake cha mtaani, huanza kulalamika kwa namna ileile: mpini wa tochi umepata moto, mshono haujafika nusu na tayari anahamisha mkono. Hapo anakumbuka picha alizoziona kwenye simu: mashine imekalishwa juu ya kisanduku chenye tangi, pampu na feni, tochi yenyewe nyembamba, na fundi anachomelea bila hata kukunja uso. Anaanza kupiga hesabu ya kununua mtambo wa kupoza kwa maji.

Kwa karakana nyingi za hapa Dar es Salaam, jibu langu ni kwamba usinunue bado. Wapo wachache ambao kila mwezi wanaochelewa kununua wanajipunja wenyewe, ila kinachowatenganisha na wengine si ukubwa wa ampea ulioandikwa mbele ya mashine, ingawa wengi huamua kwa hizo.

Kabla ya yote, tujue ni nini hasa kinachopozwa. Mashine ina joto lake na tochi ina joto lake. Maji hutoka kwenye tangi, yanapita kwenye mpira hadi kichwa cha tochi, yanarudi, yanapita kwenye rejeta ndogo yenye feni, yanaingia tena tangini. Ndani ya mashine hayagusi chochote. Kwa hiyo kama tatizo lako ni ile taa ya njano inayowaka katikati ya kazi na mashine kugoma mpaka ipoe, mtambo wa maji hautakusaidia hata kidogo. Kazi yako imeizidi mashine, au feni yake imejaa vumbi la grenda. Puliza vumbi kwanza. Inashangaza ni mashine ngapi "mbovu" zinazopona kwa kupulizwa tu na kompresa.

Kibandiko ambacho hakuna anayekisoma

Geuza mashine yako usome kibandiko. Utakuta jedwali dogo lenye herufi X na asilimia, na chini yake ampea. Chukua mashine ya ampea 200 ambayo kibandiko chake kinasema 35%. Asilimia hiyo ni ya dakika 10: kwa ampea 200, unaruhusiwa kuchomelea dakika 3 na nusu, kisha dakika 6 na nusu zilizobaki mashine ipumzike huku feni ikizunguka. Ukitaka kujua inaweza kuchomelea ampea ngapi bila kupumzika kabisa, hesabu yake si ngumu. Joto huongezeka kwa mraba wa ampea, kwa hiyo unachukua 200 na kuzidisha kwa kipeuo cha pili cha 0.35, yaani 0.59. Unapata 118. Mashine uliyouziwa kuwa ni ya 200, kwa kazi isiyosimama, ni ya 118.

Tena kuna jambo la hali ya hewa. Kiwango cha kimataifa cha mashine hizi, IEC 60974-1, kinataka asilimia hiyo ipimwe hewa ikiwa na nyuzi 40. Watengenezaji wengine wa bei rahisi hupima kwenye nyuzi 20 au 25, namba ikapendeza. Sasa fikiria saa nane mchana, mwezi wa pili, chini ya bati lisilo na dari. Kama kibandiko chako kimepimwa kwenye nyuzi 25, zile dakika 3 na nusu usizitegemee.

Tochi nayo ina namba zake, na hapa ndipo mzizi wa malalamiko mengi ulipo. Tochi za TIG zinajulikana kwa namba zinazofanana karibu kwa kampuni zote. WP-9 ni ndogo, ya kupozwa na hewa, ya ampea 125 hivi. WP-17 ndiyo iliyozoeleka, ampea 150. WP-26 ni mnene zaidi, ampea 200. Hizo tatu ni za hewa. Za maji ni WP-20, ambayo umbo lake ni dogo kama la 9 lakini inabeba ampea 250, na WP-18, inayofanana na 17 na 26 lakini inafika 350. Namba hizi ni za umeme wa DC, unaokwenda upande mmoja tu. Ukihamia AC, umeme unaogeuka huku na huku, kwa ajili ya aluminiamu, shusha. Kwenye AC, kila mzunguko kuna kipindi ambacho tungsteni ndiyo inakuwa chanya, na wakati huo joto kubwa linaishia kwenye tungsteni badala ya kwenye kazi. Ndiyo maana mashine za kisasa zina kitufe cha kurekebisha uwiano wa AC: ukiruhusu upande hasi uchukue 70% au zaidi, tungsteni na tochi vinapata nafuu, mradi utando wa oksidi juu ya aluminiamu uendelee kusafishika.

Si ajabu kukuta mashine ya ampea 200 ndani ya boksi ina tochi ya 17. Maana yake umenunua mashine ya 200 na tochi ya 150, na siku unayopandisha hadi 180 unaanza kulaumu ukosefu wa maji. Dawa ya kwanza hapo ni WP-26. Inatumia koleti (kibanio cha tungsteni), vikombe na kofia zilezile za 17, kwa hiyo vipuri ulivyonavyo havitupwi. Ubaya wake ni uzito. Ukiishika mchana kutwa kifundo cha mkono kitakwambia.

Reli za ngazi si kazi ya maji

Kazi kubwa ya TIG hapa mjini ni stenlesi: reli za ngazi na balkoni, mageti, meza na masinki ya mahotelini. Bomba la reli mara nyingi lina unene wa milimita 1.2 au 1.5. Kanuni ya makadirio ni kama ampea 40 kwa kila milimita, kwa hiyo uko kwenye 50 hadi 60. Bomba la inchi 2 ukilizunguka lote ni sentimita 16 tu. Unachomelea robo, unageuka, unachomelea robo nyingine, unaweka tochi chini, unachukua grenda, mwenzako anapima tena kama nguzo imesimama wima. Tochi ya 17 kwa kazi hiyo inapumzika kuliko wewe.

Na bado kuna watu ambao tochi inawaunguza kwenye kazi hiyohiyo. Hapo tafuta mahali umeme unapobanwa. Kiungo kilicholegea, iwe plagi ya tochi inapoingia kwenye mashine, kichwa kinapokaza kwenye waya, au koleti iliyochoka isiyoibana tungsteni vizuri, kinakuwa jiko. Kiungo chenye ukinzani wa omu 0.01 tu, ukipitisha ampea 100, kinatoa wati 100 za joto. Ukipitisha 200, ni wati 400. Gusa plagi ya mashine baada ya mshono mrefu (mashine ikiwa imezimwa, tafadhali). Ikiwa ya moto kuliko waya wenyewe, umeshapata mchawi wako, na kumtoa ni kazi ya msasa na spana.

Sababu nyingine ni pembe za ndani. Ukichomelea ndani ya kona, joto la dimbwi la chuma kilichoyeyuka linarudi moja kwa moja kwenye kikombe na vidole. Glavu bora na tungsteni iliyotokeza kidogo, ukitumia lenzi ya gesi (kichujio kinachotuliza mtiririko wa argoni), vinatosha. Wengine hufungua argoni zaidi wakidhani inapoza. Ni kweli kwamba kwenye tochi ya hewa argoni inasaidia kuondoa joto inapopita, lakini ukizidisha inavuruga, inavuta hewa ya pembeni, mshono unapata vitundu, na mtungi unakwisha. Lita 7 hadi 10 kwa dakika zinatosha kazi nyingi.

Pale maji yanapojilipa

Sasa njoo kwenye aluminiamu nene. Silinda hedi iliyopasuka, gamba la giaboksi, tangi la dizeli la lori linalokwenda Tunduma. Kipande cha milimita 6 kinakutaka zaidi ya ampea 200, kwenye AC, tena aluminiamu inasambaza joto haraka kiasi kwamba sekunde za mwanzo unakandamiza pedali mpaka mwisho ili dimbwi lifunguke. Tochi ya 17 hapo inakufa: kofia ya nyuma inalainika, koleti inang'ang'ania. Ya 26 inakupa dakika chache. (Kuhusu tangi la mafuta: lisilosafishwa na kuhakikishwa halina mvuke halichomelewi, hata mwenye lori aahidi nini.)

Lakini angalia mara ngapi. Kama silinda hedi inakuja mara moja kwa wiki mbili, ipashe moto kwanza kwa gesi, uifanye kwa vipande na mapumziko, tumia 26. Kama zinakuja kila siku na mteja anasubiri kwenye benchi, maji ni kitendea kazi kama grenda. Sharti ni kwamba mashine nayo iwe na misuli. Kuifunga tochi ya maji ya ampea 250 kwenye mashine ambayo bila kupumzika inatoa 118 ni kuhamisha foleni kutoka tochini kwenda kwenye taa ya njano. Anayehitaji maji kwa sababu ya ampea, mara nyingi anahitaji pia mashine ya 300 ya fezi tatu, na hapo mazungumzo yanahamia TANESCO.

Kundi la pili linalostahili maji husahaulika. Hawa ni wanaotengeneza matangi ya stenlesi, ya maziwa au ya juisi, na makaunta marefu ya jikoni. Ampea zao ni za kawaida, 80 au 100, ila mishono ni mirefu na siku nzima ni ya kuchomelea. Mita moja ya mshono, kwa mwendo wa sentimita 10 hadi 15 kwa dakika, ni dakika 7 hadi 10 za arki mfululizo, kisha mita nyingine. Tochi ya 17 haitaungua, lakini mpini utakuwa wa moto mpaka jioni na waya wake mzito utavuta bega. WP-20 yenye waya laini inabadilisha kazi hiyo kabisa. Hawa wananunua maji kwa ajili ya mkono, na mimi naona ni sababu nzuri kuliko ile ya ampea, maana mkono uliochoka ndio unaoharibu mshono wa mwisho wa siku.

Fundi wa saiti, anayebeba mashine kwenda ghorofa ya nne Mbezi leo na Kigamboni kesho, aachane na wazo hili. Tangi, pampu na mipira yake kwenye ngazi zisizo na lifti ni adhabu.

Maji yanafanya nini, na yapi

Hesabu ya maji inapendeza kwa sababu ni fupi. Lita moja kwa dakika, ambacho ndicho kiasi kinachotakiwa na tochi nyingi za aina hii, ikibeba kilowati 1 ya joto, inatoka ikiwa na nyuzi 14 zaidi ya ilivyoingia. Basi. Kazi yote iliyobaki ni ya rejeta kuzitoa hizo nyuzi 14 kabla maji hayajarudi. Na rejeta haiwezi kushusha maji chini ya joto la hewa inayoipuliza. Uwezo wa mitambo hii kwa kawaida huandikwa kwa hewa ya nyuzi 25. Kama kwenye hewa hiyo maji yako yangetulia kwenye 50, chini ya bati lenye nyuzi 36 yatatulia kama 61. Bado tochi inapona, ila chagua mtambo wenye uwezo wa ziada, uuweke mahali penye hewa, wala usiufiche kwenye kona nyuma ya mitungi.

Kutokana na hilo ndipo linapozaliwa wazo la barafu. Ndoo, pampu ya chini ya maji, na vipande vya barafu vya dukani. Maji yanakuwa baridi kweli, na hapo ndipo tatizo lilipo. Hewa ya Dar miezi ya joto ina unyevu mwingi, na umande unaanza kwenye kitu chochote chenye joto la chini ya nyuzi 24 au 25 hivi. Angalia chupa ya soda ikitolewa kwenye friji. Kichwa cha tochi chenye maji ya nyuzi 10 kitatoka jasho hivyohivyo, nje na hata ndani ya kikombe kabla argoni haijaanza kupita. Unyevu huo ukifika kwenye arki unaleta haidrojeni, na aluminiamu inaimeza haidrojeni ikiwa imeyeyuka na kuitema inapoganda. Mshono unabaki na vitundu kama sifongo. Utalaumu argoni, utabadilisha mtungi, na kosa ni barafu.

Maji yenyewe: usitie ya kisima. Visima vingi vya mjini vina chumvi, na chumvi inakula shaba, inaziba njia nyembamba za tochi na kupitisha umeme. Ya bomba ni nafuu kidogo lakini nayo yanaacha magadi. Kulanti ya gari ina dawa za kuzuia kutu na nyingine za kuziba uvujaji, ambazo zinaziba hata pasipotakiwa. Juu ya hapo inapitisha umeme, na umeme wa masafa ya juu unaowashia arki unaweza kupotelea humo, tochi ikawa ngumu kuwaka. Dawa ya kuzuia maji kuganda hatuihitaji hapa. Iliyo bora ni kulanti ya kuchomelea yenyewe, isiyopitisha umeme. Ukiikosa, maji safi ya betri yanafaa. Soma kibandiko kabla ya kulipa, kwa sababu asidi ya betri huuzwa kwenye rafu hiyohiyo kwenye chupa zinazofanana. Tangi liwe lisilopitisha mwanga, la sivyo ukijani utaota, na maji ubadilishe kila baada ya miezi michache.

Kuna kitu kimoja cha hatari katika tochi ya maji. Ukiupasua mpira wa maji yanayorudi utakuta ndani yake nyaya za shaba nyembamba kuliko unavyotarajia. Huo ndio waya wa umeme wa tochi. Umeweza kuwa mwembamba kwa sababu unaogelea. Maji yakisimama na arki ikiendelea, mpira unayeyuka kwa muda mfupi sana, na tochi imekwisha. Kwa hiyo mtambo usio na swichi ya mtiririko, inayokata arki maji yanapokoma, usiununue. Na ukiamua kujitengenezea kwa rejeta ya pikipiki na pampu, swichi hiyo ndiyo kipuri cha kwanza kutafuta. Pampu za bustani na za matangi ya samaki hazina presha ya kusukuma maji kwenye mpira wa mita 4 wenye tundu jembamba. Mwili wa pampu ufungwe waya wa eathi, na soketi yake iwe na breka inayokata umeme ukivuja, maana sasa volti 230 na maji vinakaa sanduku moja. Umeme unaotumika si wa kutisha: pampu na feni za wati 300 kwa saa 6 ni uniti 1.8 za LUKU.

Ukienda dukani Kariakoo au ukiletewa mtambo uliotumika, nenda na tochi utakayoitumia. Tochi za maji zina mipira mitatu, wa gesi, wa maji yanayoingia, na ule wa maji yanayorudi pamoja na umeme, na viungo vyake huwa havifanani kati ya kampuni na kampuni. Muuzaji avifunge mbele yako. Kisha mwambie awashe pampu, chomoa mpira unaorudi tangini, uelekeze kwenye chupa ya lita moja huku umeshika saa ya simu. Ikijaa ndani ya dakika moja, endelea na bei. Ikichukua dakika mbili, pampu imechoka au tochi imeziba, na muuzaji ajue kwamba umeshajua.